Mkristo Akibanwa Afanye Nini? Majibu Matano Kutoka Mwambao wa Tanganyika

Ukitoka Kigoma mjini kwa barabara, Kidahwe ndipo njia zinapoachana: moja inapanda Kasulu kwenye milima ya Waha, nyingine inaelekea Uvinza. Upande wa Ziwa Tanganyika uko Ujiji, mji ambao Uislamu umeota mizizi tangu enzi za misafara ya pembe na watumwa. Juu milimani kuna parokia za Wakatoliki, makanisa ya Waanglikana, ya Wapentekoste na ya Wasabato. Watu wa hapa wana ndugu pande zote mbili, na si ajabu tumbo moja likazaa Ramadhani na Yohana.

Watu wa namna hii wakihubiriwa habari za kushika imani wakati wa upinzani, husikia maneno yanayogongana. Mhubiri mmoja anasema aliyekimbia amemkana Kristo. Mwingine anakumbusha kwamba Yesu mwenyewe aliwaelekeza wanafunzi wake, wakifukuzwa mji mmoja, waende mwingine. Kwa hiyo anayeng'ang'ania anamjaribu Mungu. Wa tatu anataka mlokole avunje uhusiano na ukoo wake unaotambika, na wa nne anamwambia akae, ale nao, avumilie. Isitoshe, kila kikwazo siku hizi kinaitwa mateso: kunyimwa cheo, kudaiwa deni, hata jirani kulalamikia vipaza sauti vya mkesha. Mkanganyiko huu una waathirika wake. Binti aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya ubatizo hupewa ushauri wa aina tatu katika wiki moja, kisha akaachwa aamue peke yake mahali pa kulala.

Mwambao huu wa Tanganyika umeyajaribu majibu yote makuu ambayo Wakristo wamewahi kuyatoa kwa swali hili, na kumbukumbu zake zipo. Inafaa kuyapima kwa yale yaliyotokea.

Anayepinga anataka nini?

Kabla ya kuuliza Mkristo afanye nini, lazima tujue anayempinga anadai nini, maana mara nyingi kinachopingwa si imani.

Tuanze na Ujiji yenyewe. Wamisionari wa London Missionary Society walifika hapo mwaka 1878, na Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie wakafuata Januari 1879. Waarabu na Waswahili wa mji, chini ya Mwinyi Heri, waliwapokea kwa mashaka, na Waingereza hasa wakazuiwa wasijijenge. Sababu si ngumu kuiona. Mwaka 1873 Uingereza ilikuwa imembana Sultani Barghash wa Zanzibar hadi akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mfanyabiashara wa Ujiji, ambaye mtaji wake ulitembea kwa miguu ya watumwa hao, alimwona Mwingereza mwenye Biblia kuwa mtangulizi wa mkono ule ule. Aliyemzuia mmisionari hakuwa akibishana naye juu ya Utatu.

Chukua upande wa pili wa mpaka. Katika miaka ya utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, kati ya 1976 na 1987, serikali ya Burundi ilifukuza wamisionari kwa mamia, ikapiga marufuku misa za siku za kazi na mikutano ya jumuiya za waamini, ikafunga madarasa ya Kanisa yaliyowafundisha wanavijiji kusoma na kuandika, na ikachukua seminari ndogo. Kilichomsumbua mtawala kilikuwa wanavijiji, wengi wao Wahutu, kukusanyika na kusoma mahali ambapo chama hakikufika. Hapa imani na siasa zilikuwa zimefungamana kiasi kwamba huwezi kuzichambua moja moja.

Nyumbani nako kuna sababu zake. Mjomba anayemkataza mpwa wake asibatizwe, au mzee anayekasirika kwa sababu kijana hakutoa mchango wa tambiko, anaona ukoo unapoteza mtu: nani atasimama msibani, nani atapokea mahari, nani atarithi jina? Familia ya Kiislamu inayompoteza mtoto kwa ndoa ya kanisani ina uchungu huo huo, na familia ya Kikristo ambayo mtoto wake amesilimu inaujua vizuri, ingawa mahubiri yetu huusahau uchungu huo unapokuwa wa jirani.

Tena kuna upinzani tunaoujitafutia. Anayesimama kwenye mhadhara sokoni akakitukana kitabu cha wenzake, kisha akazomewa, asijihesabu pamoja na mashahidi wa Uganda.

Jibu la kwanza: kusimama hadi mwisho

Jibu hili ndilo linaloheshimiwa kuliko yote, na mfano unaotajwa kwanza ni wa Uganda. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaua Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 ambao majina yao yanakumbukwa, wengi wakiwa vijana wa ikulu. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Haki inatutaka tuongeze kwamba waliotangulia kuuawa kwa ajili ya dini katika Buganda walikuwa Waislamu, vijana waliomkatalia Kabaka Mutesa, aliyemtangulia Mwanga, karibu muongo mmoja kabla. Uthabiti mbele ya mfalme haukuanza na sisi.

Lakini kwa msomaji wa Kigoma mfano wenye uzito zaidi uko karibu, na haujatimiza hata nusu karne. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi walivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwaamuru vijana waliowakuta wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa kuachana. Waliuawa 40.

Tazama walichodaiwa. Hakuna aliyewaambia wamkane Yesu wala wakanyage msalaba. Mhutu angeweza kusogea hatua tatu upande wake, akabaki Mkatoliki na akabaki hai. Wao waliona kwamba kusogea huko kungekuwa kukana ndugu aliyekuwa mezani pamoja nao, na kwamba hilo na kumkana Bwana ni jambo moja. Wala hawakuufikia msimamo huo alfajiri ile ile. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993 uongozi wa seminari, chini ya gambera wake Padri Zacharie Bukuru, ulikuwa ukiwakalisha wazungumzie ukabila bila kufichana, huku nje ya ukuta majirani wakiuana. Ulikuwa umelelewa kwa miaka.

Nguvu ya jibu hili haihitaji kutetewa. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza vijana wa Buta kuwa wenye heri, pamoja na mashahidi wengine akiwemo Padri Michel Kayoya, mwandishi aliyeuawa Gitega mwaka 1972. Udhaifu wake umo katika jinsi linavyotumiwa na wengine. Ushahidi wa damu hauwezi kuamriwa na mhubiri kwa mtu mwingine. Lwanga na vijana wa Buta walilipa kwa maisha yao wenyewe. Mchungaji anayemwambia mama wa watoto wanne asikubali lolote kwa mume wake anayempiga, kisha akarudi kwake kulala salama, anatumia ujasiri ambao si wake.

Jibu la pili: kuondoka

Kukimbia kuna sifa mbaya kuliko kunavyostahili. Sipriani, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, alijificha mwaka 250 wakati wa mateso ya Kaisari Decius, akaliongoza kanisa lake kwa barua. Watu wakamsema sana. Miaka minane baadaye, wakati wa mateso mengine, alibaki, akakatwa kichwa. Mtu yule yule alifanya yote mawili, na Kanisa linamkumbuka kama shahidi.

Kwenye ziwa letu walioondoka ni wengi. London Missionary Society waliiacha Ujiji baada ya miaka michache wakahamia ng'ambo, Mtowa, kisha kisiwa cha Kavala, na mwishowe upande wa kusini wa ziwa. Mapadri Weupe walikuwa na kituo Rumonge tangu 1879. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao mlei, D'Hoop, waliuawa hapo. Kwa maelezo ya wamisionari wenyewe, ugomvi ulimhusu mtoto wa makao yao ambaye wenyeji walitaka wakabidhiwe. Waliobaki walifunga kituo.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Buganda tena. Mwaka 1882 Mapadri Weupe waliona hatari, wakaondoka kwenda kusini mwa Ziwa Victoria, wakakaa huko hadi 1885. Waliporudi walikuta waamini wameongezeka. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matiya Mulumba walikuwa wamefundisha, wamesalisha na wamezika. Wachungaji walikimbia, waliowaachia kazi hawakukimbia, na baadaye ndio waliouawa.

Hapo ndipo uzuri na ubaya wa jibu hili unapoonekana kwa pamoja. Kuondoka kunaokoa uhai na kunaweza kulipa kanisa changa nafasi ya kusimama kwa miguu yake. Lakini anayeondoka ni yule mwenye pa kwenda. Mgeni ana mtumbwi, ana nauli, ana shirika linalomsubiri. Aliyeoa hapo, mwenye shamba na kaburi la baba yake hapo, anabaki kupokea hasira iliyomkusudia mwingine. Warundi waliovuka kuja kambi za Kigoma walikimbia kwa gharama yao wenyewe na hakuna wa kuwalaumu. Kiongozi anayekimbia huku akiwataka waumini wake wakaze ni jambo tofauti kabisa.

Jibu la tatu: kushika silaha

Hili nitalipita haraka, ingawa historia yake hapa ni ya ajabu. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, aliweka makao yake ng'ambo ya ziwa kuanzia 1887, Mpala na baadaye Mrumbi, akawafunza wenyeji kutumia bunduki na kwa miaka kadhaa akawalinda na wawindaji wa watumwa, wakiwemo watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji. Waliookolewa kutoka mnyororoni waliokolewa kweli, na sitamdharau aliyewalinda. Ila penye boma watu huja kutafuta ulinzi, na anayekuja kutafuta ulinzi huwa hana uhuru wa kukataa ubatizo. Misheni za Karema na Mpala ziligeuka kuwa tawala ndogo, padri akiwa mtemi na hakimu. Silaha ililinda miili. Kama ililinda imani ni swali jingine, na Mkristo wa leo aliye mwepesi kuwalaumu Waislamu kwa matendo ya namna hiyo aikumbuke Karema.

Jibu la nne: kunyamaza

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa, na kuyachanganya ndiko kunakoumiza zaidi.

La kwanza ni kimya cha huduma. Adriano Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa hapo, akatibu wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa katekista na kila mtu alijua anasali wapi, lakini mgonjwa hakuulizwa dini kwanza. Upinzani wa aina ya ukoo na ujirani hulainika mbele ya maisha kama hayo kuliko mbele ya mdahalo wowote. Udhaifu wake ni kwamba kimya hicho kinachukua muda mrefu mno, na kuna siku ambapo kimya hakitoshi, kama vijana wa Buta walivyojua.

La pili ni kuficha: kanisani Jumapili, kwa mganga usiku wa Jumatatu, kukubali hirizi ifungwe kiunoni mwa mtoto ili bibi anyamaze. Wanaolitetea jibu hili wana Maandiko yao. Naamani Mshami, baada ya kuponywa, alimwomba Elisha radhi kwa kuwa angelazimika kuinama katika hekalu la Rimoni akimsindikiza bwana wake, na nabii alimwambia aende kwa amani. Nikodemo alimjia Yesu usiku na hakufukuzwa. Huruma hiyo ipo na isifutwe. Lakini Naamani alisema wazi anachokifanya na kwa nini, na hakukiita ibada. Anayeficha kwa miaka huanza kuiogopa jumuiya yake mwenyewe, na hofu hiyo ndiyo inayomtawala, si mganga wala bibi.

Jibu la tano: kudai haki

Paulo alipofungwa alitaja uraia wake wa Kirumi, akakata rufaa kwa Kaisari. Wakristo wengi wa Tanzania wanaona aibu kufanya hivyo, kana kwamba kudai haki ni upungufu wa imani. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa imani na uchaguzi wa dini, pamoja na uhuru wa mtu kubadilisha dini yake. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Zakaria Kamwela na wenzake, iliwapa ushindi wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokuwa wamefukuzwa au kusimamishwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Makanisa mengi hayawahesabu Mashahidi kuwa wenzao katika imani, lakini faida ya hukumu ile ni ya kila mwanafunzi mwenye dhamiri, akiwemo Msabato anayepangiwa mtihani Jumamosi.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inamfungulia mlango na anayefuata. Udhaifu wake ni mkubwa vilevile. Dola inayolinda dini ndiyo inayoziandikisha, na inaweza kuzifuta. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani iliwataka viongozi wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) waufute waraka wao wa Pasaka uliogusa siasa. Juni 2025 Serikali ilifuta usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima baada ya askofu huyo kukemea utekaji wa watu. Wapo wanaosema hayo ni mateso ya imani, na wapo wanaosema ni siasa iliyovaa joho. Nionavyo, kukemea uonevu ni sehemu ya imani tangu enzi za Amosi, ila anayekemea akubali kwamba atajibiwa kisiasa na ajiandae hivyo.

Zaidi ya hayo, sheria haiingii jikoni. Hakuna hakimu atakayemrudisha binti kwenye meza ya baba yake.

Kuyapima

Ukiyaweka majibu haya pamoja, hakuna moja linaloshinda mengine kila mahali. Kinachoamua ni maswali mawili, na naamini mkanganyiko wetu unatokana na kuyaruka.

Swali la kwanza: ninadaiwa niachilie nini hasa? Kama ni heshima yangu, nafasi yangu, au haki ya kupiga kelele usiku, naweza kuachilia bila kumkana yeyote, na mara nyingi ninapaswa kufanya hivyo. Kama ni mtu mwingine, mtoto wa Rumonge au rafiki wa Buta, hapo pana mwisho. Mtumishi anayeambiwa atie saini hati ya uongo inayomdhulumu mjane amefika hapo, hata kama hakuna aliyetaja dini. Anayeombwa achangie unga wa msiba wa ukoo hajafika, hata kama wazee watatambika baadaye bila yeye kushiriki.

Swali la pili: nani atalipa? Msimamo ninaolipa mimi una haki ambayo msimamo unaolipwa na mtoto wangu mgonjwa hauna. Mzazi anayekataa tambiko na papo hapo akampeleka mtoto hospitali ya Kabanga au Heri amelipa mwenyewe kwa lawama za ukoo. Anayekataa tambiko na hospitali pia, akisubiri muujiza, amemtwisha mtoto.

Kwa vipimo hivyo, namweka mbele anayetumikia kama Atiman kwa siku za kawaida, anayedai haki pale ambapo wengine watanufaika, anayeondoka bila kuwaacha dhaifu nyuma, na anayesimama bila kusogea pale ndugu yake anapodaiwa. Anayeficha simweki kundi moja na msaliti. Baada ya mateso ya Decius kanisa la Karthago lilikuwa na watu tele waliotoa sadaka kwa sanamu au kununua vyeti vya kuonyesha wametoa, na Sipriani, aliyelaumiwa kwa kukimbia, alikataa wapokelewe ovyo na akakataa pia wafungiwe mlango milele. Alidai toba kisha wapokelewe. Baada ya mateso ya Diokletiano, karne iliyofuata, Wadonati walikataa upole wa namna hiyo, na kanisa la Afrika Kaskazini likapasuka kwa zaidi ya miaka mia.

Linabaki jambo ambalo mahubiri yetu hayaligusi. Anayebatizwa kinyume cha matakwa ya nyumba yake anapoteza chumba, ada ya shule, shamba la kulima na watu wa kumpeleka kwa wakwe. Jumuiya inayompigia makofi siku ya ubatizo inapaswa kuwa imekaa kabla ya siku hiyo ikaamua atalala kwa nani, nani atalipa ada ya muhula ujao, na wazee gani watakwenda Ujiji kuketi na baba yake, waende bila Biblia mkononi, wamsikilize amalize.